Uhunzi wa Nyumbani Kwa Vonza: Pambo, Jina na Kitenzi

Kitenzi *fua* kina kazi nyingi katika Kiswahili. Dobi hufua nguo, muuza nazi hufua nazi, mhunzi hufua chuma, naye aliyeshindwa na jambo husemwa kuwa hakufua dafu. Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na maana hizi katika kamusi, akazipanga kwa nambari daftarini, akaupasi mtihani. Maana ya kufua chuma huiamini tu bila kuishuhudia, maana hajawahi kuusikia mlio wa nyundo juu ya fuawe, na huenda hata neno *fuawe* lenyewe analisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, maana hiyo ina historia ndefu. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huurejesha mzizi wake hadi umbo la kale *-túd-*. Kikuyu kimelihifadhi umbo hilo katika *tura*, yaani kufua chuma. Katika Kiswahili, sauti *t* iliyotangulia irabu ya juu *u* iligeuka *f*, tukapata *fua*. Sasa msomaji na akumbuke kwamba Kikamba kina tabia ya kudondosha sauti *l* au *r* palipo nayo katika lugha jirani: Mswahili asemapo *kilima*, Mkamba husema *kiima*. Mapokeo nayo yanaeleza kwamba jina Kitui maana yake ni mahali panapofuliwa vyombo vya chuma, na kwamba waliolitoa ni wahunzi wa Kikamba waliofanya makazi huko kabla ya ukoloni. Ukiyaweka haya pamoja, jina la mji na kitenzi cha Kiswahili yanaonekana kuwa ndugu wa tumbo moja. Anayefua chuma Kitui, basi, analitenda jina la mahali.

Kwa Vonza ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara itokayo Machakos kwenda mjini Kitui, mbele ya Wamunyu, ukishauvuka mto Athi. Ndipo lilipo bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hadhi kamili mwaka 2013. Nyuma ya nyumba moja ya kupanga, katika kitongoji cha kituo hicho, mwalimu kijana wa shule ya upili hufua chuma Jumamosi alasiri, jua linapopoa. Yeye si mhunzi kwa ukoo wala kwa riziki. Hauzi kitu. Hutengeneza vitu vidogo tu: kulabu ya kuangikia kofia, kishikizo cha mshumaa, pete ya funguo, na zaidi ya yote, jani la chuma lenye kikonyo kilichopindwa.

Vifaa vyake ni vya kuokoteza. Tanuri ni rimu ya gari iliyokandikwa udongo wa kichuguu. Fuawe ni kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kilichozamishwa katika gogo hadi nusu. Upepo hutoka kwenye feni ndogo inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli na mkanda, mahali ambapo wahunzi wa kale walitumia mivukuto ya ngozi. Chuma ni vipande vya nondo vinavyobaki kwa wajenzi. Vipande hivyo ndivyo vilivyomfaa mwaka 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kuanzia Januari kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, hadi marufuku hiyo ilipoondolewa mwezi Mei. Makaa huyapima kwa kikopo. Kitui inajua thamani ya mti. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya mipaka yake, na si adabu mtu kuunguza gunia zima kwa ajili ya majani mawili.

Kazi yenyewe ni elimu ya rangi. Nondo ya milimita 12 ikiingia motoni huanza kwa wekundu wa damu ya mzee, ambao haujafaa. Ikipigwa hapo hukaidi. Huja rangi ya chungwa, kisha manjano. Hapo ndipo chuma hutii. Ikipita manjano ikaelekea weupe na kuanza kurusha cheche zenye vimulimuli, chuma kinaungua, na hakuna fundi awezaye kukirudisha. Kati ya kutoka motoni na kupoa pana sekunde chache tu. Katika sekunde hizo mwalimu huchonga ncha, halafu hugeuza upande na kuigandamiza shingo kwenye ukingo wa fuawe, halafu hurudisha motoni. Mara ya pili hutandaza ubapa. Mara ya tatu hushika patasi na kuchora mshipa wa kati na vimishipa vya pembeni. Mwisho hupinda kikonyo kwa koleo. Jani likiwa bado na joto, hulisugua nta ya nyuki, nayo Kitui haina upungufu wa mizinga. Nta huyeyuka, hufuka moshi mtamu, na kuacha weusi mtulivu unaozuia kutu. Chuma kilichopakwa zinki hakiweki motoni kamwe, kwa kuwa moshi wake humtia mtu homa.

Jirani yake ni bibi mzee ambaye kila mtu humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Siku moja aliliokota jani lililokuwa likipoa juu ya jiwe, akalipima mkononi.

"Mwalimu, hili lafanya kazi gani?"

"Halina kazi, Susu. Ni pambo tu."

Susu hakucheka. Alieleza kwamba mama yake alikuwa na mkufu wa shaba, wenye pete ndogo ndogo kiasi kwamba ukiukusanya kiganjani ulitiririka kama maji. Mkufu huo ulimfikia yeye. Mwaka 1984 ikaja njaa ambayo Wakamba waliiita *Nikwa Ngwete*, yaani nitakufa nikiwa nacho mkononi, kwa kuwa watu walikuwa na pesa na chakula cha kununua hakikuwapo. Alimuuzia mkufu mtu aliyekuwa akipita akinunua vitu vya kale. Alipata noti, akaenda sokoni, akarudi nazo.

"Nilibaki na karatasi," alisema. "Mkufu ungalikuwapo leo, mjukuu wangu angaliuvaa. Usiseme pambo tu."

Kauli ya Susu ina ushahidi wa historia. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakuu wa misafara kati ya bara na Mombasa. Walishusha pembe za ndovu pwani, wakapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alifika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivui Mwenda, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara hiyo. Waya uliotoka pwani haukuishia kuwa kikuku kinene tu. Mafundi wa Ukambani waliusokota na kuuunganisha ukawa mikufu myembamba sana, na waya mwingine wakaupigilia katika vigoda vya miguu mitatu kwa michoro ya miduara. Kazi hizo zinasifiwa hadi leo. Maana yake ni kwamba ufundi wa juu kabisa wa chuma na shaba Ukambani ulikuwa katika pambo. Jembe lilionyesha nguvu ya mhunzi, na mkufu ukaonyesha akili yake.

Jembe la kiwandani lilipoingia kwa bei nafuu, mhunzi wa kijiji hakuweza kushindana nalo. Hili linaeleweka, na hakuna haja ya kulililia. Jambo la kuuliza ni kwa nini pambo nalo lilizama pamoja na jembe. Wamunyu, upande wa pili wa mto Athi, pana mfano wa kulinganisha. Huko uchongaji wa vinyago vya miti ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ufundi huo uliokuja na mtu mmoja ukawa riziki ya maelfu. Mti ulipata soko la watalii. Chuma kilichokuwa cha wenyeji tangu kale hakikupata.

Hapa ndipo kazi ya nyumbani ya mwalimu yule inapopata uzito. Asiyefua kwa ajili ya kuuza hashindani na kiwanda. Hana haja ya kufua haraka wala kufua vingi. Anaweza kurudia jani lile lile hadi mkono ujifunze. Ufundi uliopoteza soko unaweza kuishi katika uraibu wa namna hii, kama vile lugha iliyopoteza ofisi inavyoweza kuishi katika hadithi za jioni. Nao ufundi ukiishi, msamiati wake huishi. Vijana wanaokuja kumtazama mwalimu huanza kwa kusema "kile chuma" na "ile kitu ya kushikia". Baada ya majuma mawili husema *fuawe*, *koleo*, *patasi*. Hujua tofauti kati ya *kufua*, ambako chuma hupigwa kikiwa kigumu ila kimelainika, na *kusubu*, ambako madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Hujua kwamba takataka inayobaki tanurini huitwa *mavi ya chuma*, nao hulicheka jina hilo, na kwa kulicheka hawalisahau.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kuandaa makongamano kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia, na ni vyema viendelee. Lakini kamusi zetu tayari zinazo istilahi za teknolojia iliyokuwa ya wenyeji, nazo zinakufa kwa kukosa midomo. Wanafunzi wa Kwa Vonza wanasomea katika kaunti ambayo jina lake ni la kufua. Safari ya kwenda kwa mfuaji, daftari moja la maneno ya Kikamba na Kiswahili yaliyopangwa sambamba, na mahojiano na akina Susu ambao bado wanaikumbuka mikufu, ni utafiti usiohitaji ufadhili mkubwa. Unahitaji haraka tu, kwa sababu wenye kumbukumbu hizo wanazeeka.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Hiyo ni hekima ya mfinyanzi, na mhunzi anayo hekima yake, kwamba chuma kilichopoa hurudishwa motoni kikafuliwa tena. Ndiyo maana pana tumaini. Lakini ni lazima awepo mtu wa kuuwasha moto, na mwingine anayejua jina la kila kilicho mkononi mwake.