Kombe la Majirani

Sabuni ni kitu cha kila nyumba, lakini wachache wakumbuka kwamba ndiyo iliyozaa mashindano makongwe ya kandanda ya Afrika Mashariki. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kugombea Kombe la Gossage, lenye jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyolitoa. Kenya ndiyo iliyolitwaa.

Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Baada ya uhuru, jina la mfanya biashara halikufaa tena. Mwaka 1967 likaja Kombe la Chalenji, na tangu 1973 mashindano yakawa chini ya CECAFA, yaani Baraza la Vyama vya Mpira wa Miguu vya Afrika Mashariki na Kati. Uganda ikawa bingwa wa kwanza wa zama hizo mpya. Ukumbi ukapanuka: mwaka 1976 wageni walipokewa Zanzibar, mwaka 1977 Mogadishu, na mwaka 1978 Malawi ikatwaa ubingwa nyumbani kwake.

Lakini thamani ya kombe hili haikupimwa kwa mabao peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Ndugu walitenganishwa na mfanya biashara akakosa njia. Hata hivyo, mwaka 1981 vijana wa Kenya walikuja Dar es Salaam, wakacheza fainali na Tanzania, wakashinda kwa bao 1 kwa 0. Wenyeji walihuzunika kwa kushindwa, lakini mgeni alikuwa amefika. Uwanja ulifungua mlango ambao siasa ilikuwa imeufunga.

Kwa Zanzibar, kombe hili lina maana ya pekee, kwani ndipo inaposimama kwa jina lake. Mwaka 1995 ilitwaa ubingwa katika ardhi ya Uganda. Mwezi Machi 2017 ilipewa uanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika, na Julai ikaondolewa. Desemba ya mwaka huo huo ilifika fainali Machakos, na Kenya ikaishinda kwa mikwaju ya penalti tu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Majina yamebadilika na mipaka imefungwa na kufunguliwa, lakini majirani wamezidi kukutana. Kombe la namna hiyo halistahili kuachwa lishike vumbi kabatini.