Mitupo 28 ya Chamberlain

Muhula uliopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alinionyesha andalio lake la somo la Hesabu kwa Darasa la Pili. Mahali pa zana alikuwa ameandika "vizibo vya soda", kisha akayakata maneno hayo kwa wino. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba wenzake walimcheka na kumwita muuza soda. Sikumkemea. Nilimsimulia habari za mchezo ambao mimi mwenyewe hata kuucheza sijui.

Mwaka 1962 kule Marekani palikuwa na mchezaji wa mpira wa kikapu aitwaye Wilt Chamberlain, wa timu ya Philadelphia Warriors. Tarehe 2 Machi, katika Hershey, mji mdogo wa Pennsylvania ujulikanao zaidi kwa chokoleti, timu yake iliishinda New York Knicks kwa pointi 169 dhidi ya 147. Chamberlain peke yake alipata 100. Watazamaji walikuwa 4,124 tu, wala pambano halikuonyeshwa katika televisheni.

Hesabu hiyo, ndugu mwalimu, yafaa hata kwa Darasa la Nne. Alifunga mara 36 katika mchezo wa kawaida, kila mara pointi mbili. Hizo ni 72. Zile 28 zilitokana na mitupo huru, ambayo hupewa mchezaji aliyefanyiwa madhambi. Husimama mbele ya kikapu bila kuzuiwa na mtu, na kila mtupo uingiao huhesabiwa pointi moja. Alitupa 32, ikaingia 28.

Ajabu ni kwamba katika mitupo hiyo Chamberlain alikuwa dhaifu mno. Msimu ule alikuwa akiitupa kwa namna ya pekee: hushika mpira kwa mikono miwili, hukunja magoti, akaurusha kutoka chini kama mtu amwagaye maji ya ndoo. Kwa msimu mzima alifunga takribani mitupo 61 katika kila 100, kiwango ambacho hakukifikia tena. Kisha akaiacha njia hiyo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1973, alikiri kwamba aliona haya kutupa hivyo, na kwamba alikosea. Msimu wa 1967–68 alifunga 38 tu katika kila 100. Rick Barry, aliyeingia ligi hiyo mwaka 1965, hakujali kicheko cha mtu. Alitupa kutoka chini hadi alipostaafu mwaka 1980, akifunga karibu 90 katika kila 100.

Mwanachuo yule alicheka. Mimi sikuweza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na vizibo vyangu, nimevitunga kumi kumi kwa uzi. Walimu wenzangu waliponitania, nilivitupa shimoni. Watoto wale walimaliza mwaka wakihesabu vidole chini ya dawati, kujumlisha kwa kubeba hawajui. Miaka kadhaa baadaye nilinunua nyanya kwa mmoja wao sokoni, akanirudishia chenji iliyozidi.

Kesho yake nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu. Kopo lilikuwa mezani, limefunikwa kwa gazeti. Hakulifunua mpaka dakika ya kumi. Vizibo vilipogawanywa kelele zilizidi, na nikaandika hivyo katika fomu. Alama za zana nilimpa zote.