Chai Baada ya Tarawehe

Nyumbani kwetu mlo hauhesabiwi kuwa umekwisha pasipo chai. Hata mgeni huandaliwa maharage na kikombe cha chai ya rangi kando yake. Hivyo binti yetu, mwenye ujauzito wa miezi mitano, alipotoka kliniki na habari kwamba wekundu wa damu yake umepungua, hakuna aliyelishuku birika. Tulistaajabu tu, kwani mchicha na kunde havikosekani jikoni. Muuguzi alimfahamisha kwamba kula ni jambo moja, na mwili kupokea kilicholiwa ni jambo jingine.

Madini ya chuma yaliyomo katika nyama na samaki hufyonzwa kwa wepesi. Yale ya kunde, maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa uchache, nayo hutegemea yameandamana na nini. Chai na kahawa zina tanini, ambayo huyashika madini hayo tumboni yakapita bila ya kuufaa mwili. Vitamini C ya limau, chungwa, pera na embe huyafungulia njia. Maharage nayo yakilowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa, hupungukiwa na vile vizuizi vyake vya asili.

Uzito ulikuwa kwa bibi. Kwake, kumnyima mtu chai ni kumvunjia heshima. Tulimweleza kwa upole kwamba chai haiondolewi, bali inasogezwa mbele saa moja au mbili. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nipangieni mimi."

Ramadhani ilipoingia, akapanga mwenyewe. Futari ikawa tende, maji na kunde zinazokamuliwa limau baada ya kuepuliwa, maana moto huipunguza vitamini ile. Chai ikangoja hadi watu warejee kutoka Tarawehe. Binti yetu, aliyetumia ruhusa ya kutofunga, alifuata utaratibu huohuo mchana, na vidonge vyake vya kuongeza damu akavimeza kwa maji, wala si kwa chai.

Kipimo kilichofuata kilionyesha damu imepanda. Vidonge vina fungu lao katika hilo, wala chakula hakishiki nafasi yake. Mjamzito asiviache kwa kutegemea limau. Lakini riziki ile ile ya kunde, isiyoongezwa hata senti, sasa inamfikia mama na aliye tumboni.