Jamhuri ya Njozi

Neno mroja la Kibelarusi hunipa taabu kila nikilifasiri. Ndoto ya usingizini Wabelarusi huiita son. Mroja aghalabu ni ya mtu aliye macho, atazamaye mbali akaona kisichokuwapo bado. Kwetu, njozi ndilo neno nililoliona kuwa karibu nalo.

Mwaka 1981, mjini Minsk, vijana waliokuwa wakisomea sanaa, Lavon Volski akiwa miongoni mwao, waliunda kundi la muziki wa roki wakaliita Mroja. Zama hizo za Kisovieti, Kirusi ndicho kilichotawala mijini, na Kibelarusi kikibezwa kuwa lugha ya shamba. Wao wakakipandisha jukwaani pamoja na magitaa ya umeme. Volski alikulia penye tungo: baba yake, Artur, alikuwa mshairi, babu yake, Vital, mwandishi.

Mwaka 1990 Melodiya, shirika la santuri la dola, lilitoa santuri yao, na mwaka huohuo Kibelarusi kikatangazwa kuwa lugha ya serikali. Neema hiyo haikudumu. Lukashenko aliingia madarakani mwaka 1994, na mwaka uliofuata kura ya maoni ikakirejesha Kirusi kwa hadhi sawa. Usawa huo ukabaki wa karatasini. Kundi nalo, mwaka 1994, lilikuwa limejiunda upya kwa jina N.R.M., yaani Jamhuri Huru ya Njozi. Mwaka 1998 wakatoa albamu waliyoiita Pasipoti ya Raia wa N.R.M. Kejeli hiyo ilikuwa na ukweli wake: waliokuwa wageni wa lugha yao nchini mwao walipewa uraia katika nyimbo.

Julai 2004 waliimba katika mkutano wa wapinzani, Lukashenko alipotimiza miaka kumi ya utawala, na redio zikawanyamazia. Mwaka 2011 ikaenea orodha ya wasanii waliopigwa marufuku, nao wakiwamo. Tangu hapo Volski amewahi kuimba Vilnius, nchini Lituania, na mashabiki wakamfuata kwa kuvuka mpaka.

Njia hiyo ni ya kale. Mwaka 1891 mshairi Francišak Bahuševič alichapisha Zumari la Kibelarusi mjini Kraków, nje ya himaya ya Urusi, na katika dibaji akawasihi watu wake wasiiache lugha yao.

Sisi wapenzi wa tungo hupenda kuamini kwamba ushairi huiokoa lugha. Nami natamani iwe hivyo, lakini wimbo haumfundishi mtoto hesabu, wala haumwandikii mgonjwa cheti cha dawa. Lugha huhitaji shule, soko na ofisi. Walilolifanya vijana wale ni dogo kuliko wokovu, nalo si haba: walimfanya kijana wa mjini asione haya kuisema lugha ya bibi yake. Penye haya, hata shule ingejengwa, isingepata wanafunzi.