Mpira Mgeni Kando ya Mto

Kila mtoto wa pwani aujua mbungo, mti utambaao wenye maziwa, ambao matunda yake huliwa. Kwa hiyo mzee mmoja jirani yetu alipotuuliza kama mmea uliopanda miti ya mtoni si mbungo, maana nao hutoa maziwa ukikatwa, tuliona yafaa kupima vema, kwa kuwa mbuzi wake hupita pale kila siku.

Tulikwenda na wanafunzi wa darasa la juu, tukautazama sehemu kwa sehemu. Majani yaota mawili mawili yakielekeana, kama ya mbungo, ni mazito tena yang'aa. Lakini maua ni makubwa, mfano wa tarumbeta, yenye ncha tano, meupe yaliyochanganyika na zambarau. Ua la mbungo ni dogo. Tena tunda la mbungo ni la mviringo, bali mmea huu huzaa maganda magumu, mawili mawili, yaliyoachana kama pembe za ng'ombe, na ndani yake mna mbegu zenye manyoya meupe kama hariri. Ndipo tulipoutambua: ni mpira wa Madagaska, ambao wenye elimu ya mimea huuita Cryptostegia grandiflora.

Maziwa yake ni sumu, hudhuru moyo wa ng'ombe, farasi na mbuzi. Wanyama huuepuka, lakini wakati wa kiangazi njaa huwalazimisha kuula.

Kwao ni kusini-magharibi ya Madagaska. Watu waliuchukua kwa uzuri wa maua yake, na kwa mpira pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulipandwa kwa wingi Haiti, hata mwaka 1944 kazi hiyo ikaachwa. Huko Queensland, katika Australia, ulitoka bustanini ukafuata mito, ukafunika miti mirefu hata ikafa. Mwaka 1995 wataalamu walipeleka huko ugonjwa wa kutu uliotoka Madagaska, ambao huyaangusha majani yake.

Na kwa nini kando ya mto? Kwa sababu mbegu huruka kwa upepo na kuelea majini, na mche hupenda udongo wenye unyevu, ulioachwa wazi na mafuriko au kwato za mifugo. Mtu wa juu ya mto akiuacha, wa chini huvuna taabu.

Basi, ndugu, samaki mkunje angali mbichi. Ng'oeni miche pamoja na mizizi kabla haijazaa maganda. Fungeni mikono kwa kitambaa, wala msijiguse macho. Lakini kwanza tazameni ua na tunda, msije mkaung'oa mbungo wa watoto.