Motokaa ya Baba

Mjomba wangu ni fundi wa motokaa mtaani Buyenzi. Ukutani ametundika picha ya Audi RS2 Avant, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1994 kwa msaada wa Porsche: silinda tano, nguvu za farasi 315, na nyuma nafasi ya mizigo ya jamaa nzima. Nyumbani tuna Mercedes kuukuu ya umbo lile lile, nami nilikuwa nikiionea haya kwa uzito wake.

Mwaka 2024 petroli iliadimika sana hapa Bujumbura. Baba aliweka akiba ya lita chache. Hata kwa harusi hakuzigusa. Usiku mmoja tukapata habari kuwa bibi anaugua huko Bugarama. Tukapanda mlima kumchukua, tukamlaza nyuma juu ya godoro. Baba akateremka zile kona polepole, nami nimemshika bibi mkono. Alfajiri tukafika hospitali, naye akapona.

Nilipomsimulia mjomba, aliitazama picha yake, akacheka: "Mpwa wangu, hata hii bila petroli ni karatasi tu."

Tangu hapo, kila likizo naiosha Mercedes bila kuambiwa.