Michembe ya Mama Hadi Geita

Msomaji mpenzi, labda wewe nawe u kama mimi: wazijua nchi za mbali kuliko kwa jirani yako. Mimi ni karani wa parokia, upande wa Shinyanga. Kabla ya kushika kazi hii ya vitabu vya ubatizo na ndoa nilisomea ualimu. Chuoni nilijifunza mito ya Ulaya na milima ya Marekani, nikaweza kuitaja bila kufungua kitabu. Lakini Geita, ambako vijana wetu huenda kila mwaka kutafuta dhahabu, sikupata kukanyaga hata siku moja mpaka Julai 2025.

Nami sikwenda kwa matembezi. Nilitumwa na mama.

Habari yenyewe ni hii. Mdogo wangu aliondoka nyumbani mwaka 2021. Aliuza ng'ombe wawili wa kulimia walioachwa na marehemu baba, apate kununua sehemu katika shimo la dhahabu. Mama alikubali, mimi sikutaka. Mwaka uliofuata akanipigia simu kunieleza kwamba shimo halikutoa kitu. Nikamjibu kwa hasira, "Basi usirudi hapa bila ng'ombe wa baba." Naye akatii. Hakurudi, wala hakupiga simu tena. Mama hakulijua neno lile. Miaka mitatu alikuwa akisema, "Mtoto huyu amenisahau," nami nikasikia na kunyamaza.

Sasa Julai kwetu ni wakati wa kuanika viazi vitamu. Mama akajaza mfuko mmoja michembe na matobolwa. Wasomaji wasio wa Usukumani wajue kwamba michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, mpelekee mdogo wako. Usimwulize habari za fedha. Mtazame uso, kisha uje uniambie kama amekonda."

Nikapanda basi alfajiri. Kwetu nchi ni tambarare, mbuga na migunga, na wakati wa kiangazi vumbi tupu. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana miti ilikatwa mpaka watu wakasema Shinyanga imekuwa jangwa. Tangu mwaka 1986, ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi, wenyeji walirudia desturi ya wazee ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe mpaka yaote tena. Nyuma ya nyumba ya mama iko moja, na kuni zake hatoki mbali kuzitafuta.

Tulipokaribia Mwanza nikaona mawe makubwa yamepandana kama magunia ya pamba, kisha ziwa. Kwa miaka mingi watu wa njia hii walivuka ghuba kwa kivuko, kutoka Kigongo hadi Busisi, na magari yakapanga foleni, mgonjwa na bwana harusi wakingoja pamoja. Siku ile tulipita juu ya daraja jipya, lenye urefu wa kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025. Abiria wote walinyamaza wakichungulia madirishani. Chini niliona mitumbwi ya wavuvi, magugu maji yakielea, na ndege weusi, mnandi, wakikausha mabawa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akasema, "Mwanangu, hapa nilipata kungoja tangu asubuhi mpaka jioni." Kabla hajamaliza hadithi yake tulikuwa ng'ambo.

Baada ya Sengerema nchi ikabadilika. Vilima vikaongezeka, na migomba na mihogo ikaonekana karibu na nyumba. Nilishuka mjini Geita mchana nikiwa na njaa, nikaingia kwa mama ntilie mmoja. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu!" Akacheka, akaniambia yeye ni Muha wa Kigoma. Akaniletea ugali wa mihogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese. Nakiri kwamba nilikitazama chakula kile chekundu kwa mashaka, kama mtoto. Nikaonja. Nikala chote, nikaomba mchuzi mwingine. Mezani petu alikuwapo Mhaya, Mkurya, Mzinza mwenye nchi, na mimi. Kila mmoja alisifu chakula cha kwao, na kila mmoja alikula dagaa wa yule mama.

Yeye ndiye aliyemjua mdogo wangu. Akasema, "Yule mpole? Yuko kule kwenye makarasha." Akampa mwanawe anipeleke.

Msomaji, nimesikia watu wakisema vijana wa machimbo ni wavivu wanaotaka utajiri wa haraka. Hata mimi nilisema hivyo. Basi nikueleze nilichokiona. Shimo huitwa duara. Watu huteremka humo kwa kamba, na kuta huegemezwa kwa magogo zisianguke. Mawe yakipandishwa hujazwa katika mifuko, ikagawanywa kati ya mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji. Kisha mawe husagwa kwenye karasha, mashine ya makelele na vumbi jeupe, halafu unga huoshwa kwa maji kwenye mwalo. Mwishowe hutiwa zebaki ili ishike chembe za dhahabu, ikachomwa, dhahabu ikabaki. Moshi ule ni sumu. Hudhuru ubongo na mafigo, na mtoto aliye tumboni pia. Mama mwenye mimba au mtoto mdogo hafai kuwa karibu hata kidogo. Mwenye kijana huko na amwambie neno hili kabla ya kumwuliza habari za fedha.

Tena dhahabu ikipatikana, huwa chembe. Zamani wengi walipunjwa vichochoroni. Mwaka 2019 lilifunguliwa soko la madini mjini Geita, mizani ikawekwa mahali pa wazi. Lakini mizani haimsaidii mtu ambaye mawe yake hayakutoa kitu.

Mdogo wangu alikuwa anapakua mifuko. Vumbi lilimfunika nywele na kope, nikamdhania mzee. Aliponiona aliweka mfuko chini, akasimama mbali kidogo. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Kisha akasema, akitazama chini, "Ng'ombe sijawapata bado."

Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno mazuri, kama mtu atungaye risala. Yote yakapotea. Nikamwambia, "Mama amekuletea michembe." Nikamfungulia mfuko. Akachukua kipande kimoja, akakitafuna kikavu hivyo hivyo, akageuka upande. Mimi nami nikatazama mashine.

Jioni tulikaa nje ya chumba chake na wenzake wanne. Michembe ikachemshwa, ikatiwa karanga za kusaga, ikapakuliwa katika sinia moja. Yule Mhaya akauliza hiki ni chakula au ni magome ya mti, watu wakacheka. Alipoonja akanyamaza, akasogea karibu na sinia. Kisha mwenzake mmoja akaniuliza kwa upole, "Wewe ndiwe kaka yake mkubwa?" Nikatambua kwamba neno langu lilikwisha fika kule zamani, nao walikuwa wamekaa nalo.

Sikuweza kuiacha jioni ile ipite. Mbele ya watu wale nikamwambia mdogo wangu nilikosa, na kwamba mama hakulituma neno lile wala hakulijua. Akakaa kimya kitambo. Akasema, "Nilidhani ni neno la nyumba nzima."

Hakurudi pamoja nami. Alikuwa na deni dogo la kulipa, akataka alimalize kwa jasho lake. Lakini usiku ule alimpigia mama simu. Nikatoka nje nisisikie.

Nilipofika nyumbani mama aliuliza swali lake. Nikajibu amekonda. Kisha nikamweleza na lile neno langu. Hakunikaripia. Aliingia jikoni, na siku mbili hakunituma kitu chochote. Hiyo ilikuwa adhabu yangu, nami nikaipokea.

Mvua za Novemba zilipoanza mdogo wangu alikuja. Alikuja mikono mitupu, isipokuwa chupa moja ya mawese aliyopewa na yule mama wa Kigoma. Tulilima kwa jembe la mkono, mimi na yeye, na shamba likachukua siku nyingi kuliko zamani. Mama akakaanga dagaa kwa mawese, akasema yananuka, akala. Baada ya kupanda mdogo wangu alirudi Geita, na sasa hupiga simu kila Jumapili.

Ndugu msomaji, kama kwenu yuko aliyekwenda na hasikiki, usingoje apate mali ndipo umtafute. Daraja lipo, basi lipo, na michembe haiozi njiani.